Masikio ya Dumu

“Mwanangu, huyu ni farasi aliyevutwa masikio.”

Ujumbe wa sauti wa sekunde chache, uliingia saa moja asubuhi. Niliusikiliza mara tatu nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Nkuhungu, kishikwambi mapajani, chai inapoa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemtumia mwenye sauti hiyo, mama mmoja mteja wangu, michoro sita ya punda: amesimama, anatembea, anakunywa maji, amelala, ameinua kichwa, anamtazama mtoto. Siku nne nzima zilikwenda humo, na nililala nikiamini sehemu ngumu imekwisha. Nikafungua faili upya, nikamkazia macho yule wa kwanza. Mama alisema kweli. Nilikuwa nimechora farasi.

Nimezaliwa Dodoma. Punda nimewaona kabla sijajua kutembea, nikiwa mgongoni kwa mama yangu mzazi. Barabara za vumbi za Chamwino, Bahi, Mvumi, zote zina punda wake na madumu ya njano yanayogongana ubavuni. Farasi sijawahi kumgusa hata mmoja. Lakini mkono wangu ulimjua farasi kuliko punda, kwa sababu mkono ulifundishwa na video za intaneti, na kule anayefundisha kuchora mnyama wa miguu minne huanza na mbwa au farasi. Miaka sita nimeifuata ile mifupa, ile shingo ya upinde, ule mkia wa nywele ndefu. Nilipoagizwa punda, mkono ukamchukua farasi na kumwongezea masikio.

Vijana wanaoanza kazi hii ya uchoraji hapa mjini huniuliza namna ya kuishi na mteja msumbufu. Huwa nawasimulia habari za mama huyu. Kazi yake ilirudi mara tisa, na sijawahi kujifunza mengi hivyo kwa mtu mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa kijitabu cha kurasa 24 cha watoto wa darasa la kwanza na la pili, kuhusu maji: yanatoka wapi, yanafikaje nyumbani, yanatunzwaje. Mama ni mwalimu mstaafu, ana kikundi kidogo cha kusomesha watoto hadithi katika vijiji vya upande wa Mvumi. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Miezi mingine yote maji yanatafutwa: kwenye kisima kirefu kama kipo, au kwa kuchimba mchanga wa korongo lililokauka mpaka yachuruzike. Mtoto wa miaka saba anayajua hayo. Alichokosa ni kitabu kinachoyasema kwa picha za kwao.

Mfadhili wa kijitabu alitaka mhusika awe tembo. Sababu yake haikuwa mbaya. Wengi tumesimuliwa kwamba jina la Dodoma linatokana na neno la Kigogo, *idodomya*, yaani limedidimia, baada ya tembo kushuka kunywa maji na kuzama kwenye tope. Tembo, maji, Dodoma: kwenye karatasi ya maombi inapendeza. Mama akajibu kwa sentensi moja ambayo naikumbuka mpaka leo: “Tembo hateki maji na watoto.” Basi ikawa punda.

Hata punda hakupita kirahisi. Mwalimu mmoja aliyeombwa maoni alihofu kwamba watoto wataanza kuitana punda darasani. Hofu yake ina msingi. Lugha yetu haijamtendea haki mnyama huyu. Asante ya punda ni mateke. Punda afe, mzigo ufike. Mtu akikosea hesabu anaitwa punda. Mama alisikiliza yote, akasema hiyo ndiyo sababu anamtaka punda, na anamtaka achorwe vizuri mpaka mtoto aone aibu kumchapa.

Sentensi hiyo ndiyo ilikuwa maelezo ya kazi. Mimi niliisikia kama maneno mazuri ya mama mpole, nikaandika kwenye daftari: “punda, mcheshi, rangi angavu.” Laiti ningeandika alivyosema.

Baada ya ujumbe ule wa farasi niliacha kishikwambi, nikachukua daftari na penseli. Jumamosi nikapanda daladala hadi mnada wa Msalato. Watu huenda Msalato kwa mbuzi, ng'ombe na nyama choma. Mimi nilikaa pembeni kwenye kivuli nikawatazama punda waliofungwa kwenye mti mmoja. Sikuchora kwa saa nzima ya kwanza. Nilikuwa nakagua tofauti moja moja, kama mtu anayehakiki noti.

Mkia kwanza. Mkia wa farasi ni nywele tangu shinani. Wa punda ni kama wa ng'ombe, mwembamba, na kishungi mwishoni. Manyoya ya shingo ni mafupi, yamesimama wima kama brashi. Mgongo umenyooka, hauna lile nundu la bega ambalo farasi analo. Kwato ni nyembamba na zimesimama, miguu inaonekana kama imevaa viatu vidogo kuliko mwili. Pua na mdomo ni vyeupe, kuna duara jeupe kuzunguka macho, na tumbo ni jeupe. Halafu ule mstari mweusi unaoshuka uti wa mgongo na kukatwa na mwingine mabegani, msalaba kamili. Wote nilioweza kuwakaribia walikuwa nao. Michoro yangu sita haikuwa na msalaba hata mmoja.

Punda ni mnyama wa Afrika. Alifugwa kwa mara ya kwanza katika bara hili, takriban miaka 7,000 iliyopita, kutokana na punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki. Ukavu wa Dodoma haukumshtua; umbo lake limetengenezwa na nchi za namna hii. Masikio yale marefu humsaidia kupunguza joto, na humwezesha kusikia mwenzake aliye mbali. Nilipolielewa hilo niliacha kuyachora kama pambo la kuchekesha.

Duru ya pili nilipeleka punda halisi. Majibu: “Sasa ni punda. Lakini hana habari.”

Hana habari. Wateja wengi huzungumza hivi, na zamani nilikasirika. Nilitaka waniambie kichwa kikubwa, kichwa kidogo, ongeza bluu. Siku hizi naona kwamba mteja huonyesha panapouma, kama mgonjwa, na kujua ni ugonjwa gani ni kazi yangu. Nikimwomba dawa ataniambia “mwongezee tabasamu”, nami nikiongeza tabasamu tutaharibu wote wawili. Kwa hiyo nilimuuliza swali lingine: “Mama, punda akiwa na habari, wewe unaijua kwa kuangalia wapi?” Akakaa kimya kidogo kwenye simu. “Masikio,” akasema. “Lakini njoo umuulize mwenye punda.”

Mwenye punda ni mzee wa Mvumi, jirani wa mama. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaongeza “mbukwa”, salamu ya Kigogo, nikaketi kwenye kigoda mbele ya tembe yake. Nilimwonyesha picha kwenye kishikwambi. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliuliza: “Jike au dume?”

Sikuwa nimefikiria. Katika michoro yote sikuwa nimeamua. Nikasema jike, kwa sababu jike alikuwa amefungwa palepale mbele yetu na nilikuwa nimeanza kumchora. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akaanza kunifundisha masikio. Yote mawili yakielekea mbele, kuna kitu amekiona. Moja mbele moja nyuma, anasikiliza sehemu mbili, mbele njia na nyuma wewe. Yakilala kabisa nyuma yakagusa shingo, kaa mbali. Na yakianguka pembeni, kushoto na kulia, kama majani ya mgomba mchana, amechoka au anaumwa. “Punda halii akiumwa,” aliniambia. “Ng'ombe utamsikia. Mbuzi utamsikia. Huyu ananyamaza, anashusha masikio, watu wanasema ni mtulivu.”

Nilijaza kurasa nne za daftari kwa masikio matupu, bila kichwa. Kurasa hizo ndizo zilizomzaa mhusika wetu. Nikarudi mjini na kutengeneza jedwali la hisia, ile karatasi ambayo kila mchoraji wa wahusika huitengeneza: furaha, hofu, uchovu, hasira, udadisi. Safari hii mdomo sikuugusa. Uso ulikuwa uleule katika visanduku vyote vitano, nilibadilisha masikio na kope tu. Nilipomtumia mama alijibu kwa picha: watoto wawili wameweka viganja vyao kichwani, mmoja mbele mmoja nyuma, wanaiga “kusikiliza sehemu mbili”.

Niseme kidogo kuhusu mkataba, maana naulizwa. Tulikubaliana marekebisho mara tatu ndani ya bei. Tulifika tisa. Sikudai fedha kwa zile zilizotokana na kosa langu. Farasi lilikuwa kosa langu. Nilidai kwa zile za mtu kubadilisha mawazo, na mama alilipa bila maneno. Na haki ya mhusika mwenyewe tuliiandika kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, lakini karatasi moja yenye sahihi mbili huokoa urafiki.

Nirudi kwenye mzigo, kwa sababu hapo tulibishana kweli.

Katika mchoro wa duru ya nne punda alibeba madumu manne ya lita 20, mawili kila ubavu, kama nilivyozoea kuona. Mzee aliutazama akaweka kidole juu ya picha, akahesabu. Lita 20 ni kilo 20. Manne ni 80, ukiacha kamba na matandiko. Punda wa huku si wakubwa, wengi hawafiki kilo 200. “Manne anaweza,” mzee akasema. “Hata mimi naweza kubeba gunia. Kesho je?” Akanionyesha mgongo wa jike wake. Karibu na msalaba kulikuwa na sehemu mbili ambapo manyoya yameota meupe, ukubwa wa sarafu kila moja. Ni makovu ya kamba kutoka kwa mwenye punda wa kwanza, kabla mzee hajamnunua. Siku hizi hutandika gunia lililokunjwa mara tatu kwanza, kamba isiguse ngozi.

Mimi nilitetea manne. Hoja yangu ilikuwa kwamba kitabu kisidanganye. Mtoto ataona manne njiani na mawili kitabuni, atajua kitabu kinamficha. Mama alikuwa na hoja nyingine: mtoto wa miaka saba haoni picha kama taarifa, anaiona kama agizo. Kilichochorwa kwenye kitabu cha shule ndicho sahihi. “Ukimchorea manne, umempa ruhusa.” Tukakaa na hilo wiki nzima. Mwishowe niliona yeye amesimama mbele ya watoto miaka thelathini, mimi sijasimama hata siku moja. Tukachora mawili, na gunia lililokunjwa chini ya kamba, mikunjo mitatu inayohesabika. Yale makovu meupe niliyaacha. Mama hakuyaomba wala hakuyakataa. Yako pale, ukurasa wa tano, ukitazama vizuri.

Mahali pamoja nilikataa na nafurahi nilikataa. Duru ya tano mfadhili alipendekeza punda avalishwe sare ya shule, shati jeupe na kaptula ya bluu, apendwe zaidi na watoto. Mama alielekea kukubali. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikampigia. Nikamwambia: mama, tukimvalisha sare anakuwa mtoto mwenye kichwa cha punda, na hapo madumu yaliyo mgongoni yanakuwa mgongoni kwa mtoto. Msomaji hatajua tunamfundisha kumhurumia mnyama au tunamwambia mtoto abebe. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu akaandika: “Asivae kitu. Kamba ya shingoni tu, iwe nyekundu.” Kamba nyekundu ilikuwa wazo zuri kuliko langu, ndiyo inayomtambulisha kwenye kila ukurasa hata akiwa mdogo kwa mbali.

Habari ya kutambulika kwa mbali ilinipeleka Kolo. Nilikuwa nimekwama: umbo la punda likijazwa wino mweusi mtupu, bila macho wala mistari, lilisomeka kama mbuzi. Huo ni mtihani wa kawaida katika kazi yetu, mhusika lazima ajulikane kwa kivuli chake peke yake. Nikakumbuka miamba ya Kondoa. Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa, barabara ya kwenda Babati, na michoro ile, zaidi ya maeneo 150 kwenye mapango na vibanda vya mawe, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilipanda na mwongozaji hadi Mongomi wa Kolo, mahali ambapo wenyeji bado huenda kufanya matambiko yao.

Huko juu kuna twiga, tembo na pofu, yule swala mkubwa, waliochorwa kwa rangi nyekundu ya mawe, wengine wamefifia mpaka imebaki mistari michache. Na bado unajua nani ni nani. Aliyechora hakuhangaika na kila unywele. Kwa twiga alitoa shingo na mteremko wa mgongo. Kwa pofu alitoa uzito wa kifua. Alichagua kitu kimoja au viwili ambavyo mnyama huyo hawezi kuwa yeye bila hivyo, akavisema kwa sauti, vingine akavinong'ona. Nilisimama pale muda mrefu, mwongozaji akanisubiri kwa subira. Kurudi kwangu nilirefusha masikio kidogo kupita ukweli, nikakiteremsha kichwa chini ya usawa wa mgongo jinsi punda anavyotembea na mzigo, nikanyoosha mgongo kama meza. Nikajaza wino mweusi. Mtoto wa jirani, miaka mitano, alipita akasema “punda” na kuendelea kukimbia.

Kolo ilinipa rangi pia, ingawa sikuijua mpaka mama aliposema. Punda wangu alikuwa kijivu safi, kijivu cha vitabu vya nje. Duru ya saba aliniandikia: “Wa huku hana usafi huo.” Ni kweli. Punda wa Dodoma hugaagaa, na udongo wetu ni mwekundu. Magoti, tumbo na mbavu huwa na wekundu wa vumbi juu ya kijivu. Niliongeza leya moja ya rangi ya udongo, nikaipunguza mpaka ikawa kama pumzi, na mara punda akawa amesimama nchini kwake. Kabla ya hapo alikuwa anaelea.

Rangi hiyo nusura ipotee kwenye mtambo. Kwenye kioo rangi ni mwanga. Kwenye karatasi ni wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kijivu kilichochanganywa na zote nne hugeuka kirahisi. Nakala ya majaribio ilitoka punda akiwa na ubluu wa samaki. Nilikaa na fundi wa uchapaji jioni nzima, tukapunguza samawati, tukaacha nyeusi ibebe kijivu, tukaongeza njano kidogo sana. Karatasi ya nne tukaitoa nje kuitazama kwa mwanga wa jua. Ndiyo.

Jina lilikuja mwishoni. Mimi nilikuwa nimempa Chapakazi, na nilijivunia. Mama alilikataa palepale: neno la kwanza ndani ya jina hilo ni chapa. Punda mwenye jina hilo ataitwa kwa fimbo. Tukaamua watoto waseme. Siku ya kusoma nakala ya majaribio, chini ya mbuyu karibu na shule, watoto kama thelathini walikaa chini na mama akainua ukurasa wa kwanza. Alipouliza anaitwa nani, majina yalirushwa mengi, ya wajomba, ya wachezaji mpira. Msichana mmoja wa nyuma, aliyekuwa kimya, alionyesha ubavuni kwa punda akasema, “Dumu.” Alimaanisha lile dumu la njano. Lakini mama alinigeukia, na nilijua amesikia nilichosikia mimi. “Dumu,” akarudia polepole. “Na adumu.” Hatukuuliza tena.

Vijitabu vilipofika nilipeleka kimoja kwa mzee mwenyewe. Alikuwa anatandika, gunia limekunjwa tayari. Alifuta mikono kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili, akakishika mbali kidogo na macho. Alipita haraka kurasa za mwanzo mpaka ile ya tano. Akaweka kidole kwenye dumu la kwanza, akakizungusha upande wa pili akaweka kwenye la pili. Akatafuta la tatu. Kisha kidole kikapanda taratibu mgongoni, kikasimama kwenye yale manyoya meupe, na mzee akageuka kumtazama jike wake aliyekuwa amesimama nyuma yetu, sikio moja mbele, moja nyuma.